Uso wa Fundi

Mama Meneja alikuwa ameshapatana na mpiga picha wa studio ya mtaani. Asubuhi ya mahafali ya binti yake wa mwisho, mpiga picha angekuja nyumbani na taa zake, awapange, awapige wote kabla hawajaondoka kwenda chuoni. Mpiga picha huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na nusu ya harusi za mtaa ule zilikuwa zimepita mbele ya kamera yake. Bei yake haikuwa ya mchezo. Lakini Mama Meneja, mpishi wa shule, alikuwa amejibana kwa muda mrefu kwa ajili ya siku hiyo, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halijawahi kutokea ndani ya nyumba ile: mtoto kuvaa joho. Mwanawe mkubwa alisoma kwa vipande, kozi hii na ile, bila sherehe.

Ni huyo mwanawe mkubwa aliyecheka alipolisikia jambo hilo sebuleni. Walimwita Meneja tangu utotoni, maana michezoni aliwapanga wenzake halafu yeye akakaa pembeni kutazama. Sasa alikuwa na ofisi kweli, katika kampuni ya matangazo, na tai ya kila siku.

"Mama, watu siku hizi hawalipii picha," alisema. "Ofisini tuna mpiga picha wetu. Kamera yake moja inanunua studio nzima ya huyo mama. Nitakuja naye. Bure kabisa."

"Huyu tumeshapatana."

"Umempa kitu?"

"Bado."

"Basi hakuna mlichopatana."

Fundi, mume wa Mama Meneja, alikuwa kitini pake karibu na mlango. Alikuwa seremala mpaka mwaka uliopita, kiharusi kilipomlaza mkono wa kushoto na kuufanya ulimi wake kuwa mzito. Akili ilibaki nzima. Kilichopotea ni kusoma tu: akitazama maandishi, herufi zilipishana mbele yake kama siafu.

"Kazi ya mtu ilipwe," alisema taratibu. "Mlango wa bure haufungi."

"Baba, huyu analipwa. Kampuni inamlipa."

"Na sisi tutamlipa nini?"

Meneja alimgeukia dada yake, ambaye nyumba nzima ilishamwita Nesi hata kabla hajamaliza masomo ya uuguzi. "Wewe ndiye mwenye sherehe. Unataka picha za maana au picha za mtaani?"

"Mimi nataka tuwe wote," Nesi alisema. "Atakayepiga, apige."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kesho yake Mama Meneja alipita studio kuvunja miadi, akajikuta anaeleza mengi kuliko alivyoulizwa: kwamba si kudharau kazi yake, kwamba ni mtoto tu, watoto wa siku hizi. Mpiga picha alimsikiliza huku akifuta kioo cha fremu.

"Hakuna neno, mama yangu. Muulizeni kitu kimoja tu: picha zitabaki kwa nani."

Mama Meneja aliondoka akiamini amesikia wivu. Mtu akinyang'anywa mteja lazima aseme neno.

Mpiga picha wa kampuni alikuwa kijana mwembamba, na siku ya mahafali alifika jua limeshapanda. Aliwasimamisha uani, Nesi katikati na joho lake, akawapiga kwa haraka kama mtu anayegonga mihuri. Hakumwambia mtu anyooshe kola. Hakungoja Fundi apate nafasi nzuri ya kuegemea.

"Baba alifumba macho," Nesi alisema.

"Yatafumbuliwa," kijana alijibu, na Meneja akacheka.

Nesi alitakiwa chuoni mapema, akatangulia. Hapo ndipo kijana alipoamka. Aliingia chumba cha wazazi, akapima mwanga wa dirisha kwa mkono, akamwomba Meneja amlete mzee. Meneja mwenyewe ndiye aliyemvua baba yake koti, kisha tai, kisha shati, akamwacha na fulana ya ndani. Walimkalisha pembeni mwa kitanda. Shuka la maua liliondolewa, godoro likabaki wazi na madoa yake.

"Mbona mnatandua?" Mama Meneja aliuliza kutoka mlangoni.

"Mwanga, Mama. Rangi nyingi zinaua mwanga. Hii ni picha ya kisanii, ya ukumbusho."

Fundi alijaribu kutabasamu, upande mmoja wa mdomo ukakubali na mwingine ukakataa. Kijana alipiga, akatazama, akatikisa kichwa. Alimnong'oneza Meneja kitu. Meneja akapiga magoti mbele ya baba yake, akamshika goti.

"Baba, usitabasamu. Mfikirie baba mdogo."

Baba mdogo alikuwa mdogo wake Fundi, fundi paa, aliyeteleza kwenye nyumba waliyokuwa wakiijenga pamoja akafia mikononi mwa kaka yake. Katika nyumba ile habari yake haikuzungumzwa. Fundi alimtazama mwanawe akishangaa kwa nini leo, siku ya furaha. Lakini mtoto ameomba, na mtoto ndiye anayejua kazi ya picha. Akainamisha kichwa, akamfikiria. Macho yakamjaa maji. Kamera ikalia mfululizo, na kijana akawa anasema kwa sauti ya chini, "Hapo. Hapo hapo, mzee. Safi sana."

Walipomaliza kumvisha tena shati, muda ulikuwa umekwenda. Walifika chuoni jina la Nesi limeshasomwa. Aliwaona wakiingia kwa mlango wa nyuma, baba akiburuta mguu, mama akiomba radhi kwa kila goti alilolipita, akawapungia kutoka kwenye safu yake ili wajue hakukasirika.

Picha hazikuja. Mara zinasafishwa, mara mtambo umeharibika, mara kijana amesafiri. Mama Meneja aliacha nafasi ukutani, akapigilia msumari kabisa. Wageni waliuliza ule msumari ni wa nini, naye akajibu kwa fahari kwamba mwenyewe yuko njiani.

Mambo yalianza kubadilika jikoni shuleni. Siku moja mwenzake alimpakulia chakula kwenye kopo, akalifunga vizuri, akampa bila kumtazama usoni. "Mpelekee mzee," alisema. Kesho yake mwalimu mmoja, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumsalimia zaidi ya kuinua kidole, alimwita pembeni akampa blanketi lililokunjwa ndani ya mfuko.

"Ni la nini hili, mwalimu?"

"Tunajua, mama. Usione haya. Watoto wa siku hizi ndivyo walivyo."

"Watoto gani?"

Mwalimu aliondoka haraka. Mama Meneja alirudi jikoni na blanketi lake, akamkabili yule mwenzake katikati ya masufuria.

"Niambie. Usiponiambia wewe nitaambiwa na nani?"

"Shoga yangu, hujapita njia panda ya hospitali?"

Alipita jioni hiyo. Bango lilikuwa refu kuliko nyumba zilizokuwa nyuma yake. Mumewe alikuwa juu pale na fulana yake ya ndani, mkono uliolala umetupwa mapajani, godoro lenye madoa, machozi yakimlenga. Kila kunyanzi la uso wake lilikuwa na upana wa mlango. Chini yake paliandikwa: ALIWASOMESHA WOTE. LEO HANA WA KUMPA MAJI. JIWEKEE AKIBA YA UZEENI, USITEGEMEE WATOTO.

Mama Meneja aliyasoma maneno yale mara mbili. Jambo la kwanza lililomjia kichwani, na baadaye alilionea aibu, lilikuwa lile godoro: kwamba mji mzima umeona godoro lake. La pili lilikuwa lile neno maji. Maji alikuwa anampa yeye. Asubuhi na jioni alimshika kisogo akamnywesha, asipaliwe.

"Mama, ni tangazo tu," Meneja alisema kwenye simu. "Hakuna jina. Hakuna aliyesema ni baba yetu."

"Sura ndiyo jina, mwanangu."

"Litashushwa. Nipe muda. Usimwambie Baba, utamuumiza bure."

Neno la mwisho ndilo alilolishika, kwa kuwa lilikuwa jepesi kulishika. Alimwambia Nesi peke yake. Nesi alikuwa ameshaanza kazi katika hospitali ile ile, na kumbe alikuwa akipita chini ya bango kila siku bila kusema. Muuguzi mkuu alishamwita ofisini kumuuliza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, kama kuna tatizo nyumbani. Mama na binti wakakubaliana wanyamaze. Fundi alipokwenda hospitalini kunyoosha viungo walimpitisha njia ya nyuma, wakamwambia barabara kubwa imefungwa, wanachimba mabomba.

Dereva teksi mmoja hakuambiwa habari za mabomba. Alinyoosha moja kwa moja hadi njia panda, na taa nyekundu ikawasimamisha chini ya bango lenyewe. Mama Meneja alianza kuzungumzia bei ya mkaa. Fundi alikuwa ameshainua kichwa.

Alijitazama kwa muda. "Mimi yule," alisema.

"Ni wewe, baba watoto."

"Wameandika nini?"

Dereva alikuwa akiwaangalia kwenye kioo. Mama Meneja akasoma. "Wameandika, mzazi ni hazina. Jiwekee akiba, mtunze mzazi wako."

"Mbona marefu kuliko hayo?"

"Mengine ni anwani ya kampuni."

Taa ikageuka kijani. Fundi hakuuliza tena, na mkewe akadhani yamepita. Ila mtu aliyepima mbao maisha yake yote hupima na maneno.

Alikuwa akinyolewa kila Ijumaa kwenye kibanda cha kinyozi, nyumba ya nne kutoka kwake, na njia ile aliweza kwenda mwenyewe kwa mkongojo. Ijumaa ile kinyozi alimnyoa kwa uangalifu kuliko siku zote, akampaka mafuta, na Fundi alipoingiza mkono mfukoni akamzuia.

"Acha tu leo, mzee."

"Kwa nini?"

"Acha tu. Tumeishi sana hapa mtaani."

"Kazi yako sijawahi kuichukua bure. Nisomee lile bango."

"Mzee wangu..."

"Umelisoma, ndiyo maana unanionea huruma. Nisomee na mimi."

Kinyozi aliifunga chupa ya mafuta. Hakuhitaji kuliona bango, maneno yalikuwa kichwani, mtaa mzima ulikuwa nayo kichwani. Aliyasema akiwa ameangalia sakafu yenye nywele. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akahesabu fedha za kunyolewa, akaziweka juu ya meza, akaondoka.

Jumapili Meneja alikuja na mifuko ya vitu: sukari, sabuni, matunda. Aliiweka mezani mmoja mmoja kama mtu anayetoa ushahidi. Nesi alikuwa zamu ya asubuhi, ameshatoka kazini na sare bado mwilini. Mama yao alikuwa akimimina chai. Fundi alingoja vikombe vitulie.

"Meneja. Lile bango walikulipa?"

Meneja alimtazama mama yake. Mama yake akaitazama birika.

"Si kunilipa, Baba. Walikuwa na mzee wao wa kukodi, hakutokea. Bosi alichanganyikiwa. Nikasema mimi nina uso. Wakanipa kitengo nikiongoze. Hivi vitu mezani vinatoka kwenye kampuni hiyo hiyo. Ada ya mwisho ya Nesi ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwenye randa zangu," Fundi alisema. "Niliziuza. Mama yako anajua."

Meneja aliipanga upya mifuko mezani. "Basi matumizi yaliyobaki."

"Wapo wazee wanaolipwa kwa kazi hiyo?"

"Wapo."

"Kwa nini hukumchukua mwingine?"

"Hawakuwa na uso kama wako, Baba. Walitaka huzuni ya kweli."

"Nayo ulijua ilipo." Fundi alitua kidogo kuvuta pumzi, kwa kuwa maneno marefu yalimchosha. "Uliniambia nimfikirie mdogo wangu. Nikamfikiria. Kumbe ulikuwa unamuuza na yeye."

"Baba, nani atajua?"

"Mimi nilikuwepo."

Nesi aliuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi: "Na picha za mahafali ziko wapi, Kaka? Zile za uani."

"Zile..." Meneja alizungusha kikombe. "Kamera ni ya kampuni. Kila kilichomo ni cha kampuni. Walichagua walichokihitaji, vingine vikafutwa."

"Zote?"

"Hazikuwa nzuri hata hivyo. Baba alikuwa amefumba macho."

Nesi alianza kukusanya vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa amevimaliza. Meneja aliona ni bora ajieleze kwa mama yake, ambaye siku zote alikuwa na mlango wa nyuma. "Mama, sema basi. Si nilikwambia litashushwa?"

Hapo Fundi alimgeukia mkewe. Ilikuwa kama amemwona sasa hivi.

"Kwa hiyo ulijua siku ile ya teksi."

"Nilijua."

"Ukanisomea mengine."

"Nilikuonea huruma, baba watoto."

"Huruma ndiyo iliyoandikwa pale juu," Fundi alisema. "Sikuihitaji na ndani ya gari."

Mama Meneja alilia. Alilia kwa kilichosemwa na kwa kilichokuwa kweli ndani yake, na kwa sababu hakuwa na upande wa kwenda kukaa: huku mume aliyedanganywa, kule mtoto aliyedanganya, na yeye alikuwa amewashika wote wawili mkono. Meneja alitoka bila kuaga vizuri. Mifuko ilibaki mezani mpaka Jumatatu, Nesi alipoichukua akaigawa wodini.

Bango halikushushwa mwezi ule wala uliofuata. Lilipata hata ndugu yake, dogo, kwenye kituo cha basi. Nesi alipopata mshahara, hakununua viatu alivyokuwa amevitamani. Alikwenda studio na kuweka miadi, akalipa kabla, yote. Joho aliazima kwa rafiki yake.

Mpiga picha aliwapokea bila kuuliza yaliyopita, ingawa naye alikuwa na macho kama wengine. Alimkalisha Fundi kwenye kiti chenye mikono, akakaa mbele yake chini kabisa, kwenye kigoda, wakazungumza. Alimuuliza kuhusu mbao: ipi hupinda, ipi hukataa misumari. Fundi alijibu kwa taratibu yake, na mpiga picha hakumalizia sentensi hata moja kwa niaba yake. Fundi alipofika kwenye habari ya milango, mgongo wake ulikuwa umenyooka wenyewe. Mpiga picha aliinuka, akamnyoosha kola, akauchukua ule mkono uliolala, akauweka juu ya mkono wa Nesi aliyekaa pembeni yake kwenye stuli, akaugeuza mpaka ukaonekana kama umewekwa na mwenyewe.

"Mzee, upande gani wa uso unaupenda?"

Swali hilo Fundi hakuwahi kuulizwa maishani. Alifikiri. "Wote ni wangu," alisema. "Piga mbele."

"Na picha zenyewe ni zenu. Mimi nitabaki na nakala kama akiba tu. Nikitaka kuonyesha mtu, nitakuja kuomba kwanza."

"Itundike dirishani," Fundi alisema. "Kubwa utakavyoweza."

Ni wakati huo pazia la mlango liliposogea. Meneja alikuwa amesimama kizingitini, suti kamili, viatu vinang'aa, mikono haijui pa kukaa. Mama yake ndiye aliyempa habari, kwa simu, kwa kunong'ona, akiwa amejifungia jikoni. Mama alikuwa amejiambia kwamba damu ni damu, kwamba mtu akishaona wenzake wamekaa kwenye picha atapiga magoti mwenyewe. Meneja hakupiga magoti. Alisema tu, "Habari za hapa," akangoja apangwe.

Mpiga picha alimtazama, kisha akamtazama Fundi. Kulikuwa na nafasi nyuma ya kiti, upande wa kulia wa Mama Meneja, ya mtu mmoja kusimama.

"Mzee, tumefika wote?" aliuliza.

Nesi aliinamisha macho kwenye mkono wa baba yake. Mama Meneja alimtazama mwanawe pale mlangoni. Fundi hakugeuza kichwa.

"Wote," alisema.

Neno hilo halikumpa shida ya ulimi hata kidogo.

Mpiga picha alingoja kwa muda kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kubadili nia. Fundi hakubadili. Basi akamsogeza Mama Meneja hatua moja kulia, nafasi ikazibika, akarudi nyuma ya kamera. Meneja hakuondoka wala hakuingia. Taa zikamulika.

Mpiga picha aliangalia kioo kidogo cha kamera. "Mama, naomba tazama huku kwangu."

"Natazama."

Akapiga tena. Akaangalia tena, akaja kumwekea sawa mtandio begani bila haraka, akamwonyesha kidole mahali pa kutazama, akarudi. Fundi alikuwa amekaa kama mwamba. Nesi alikuwa anatabasamu, tabasamu dogo la mtu aliyelipa kwa jasho lake. Taa zikamulika mara nyingine na mara nyingine.

"Naweza kupiga mpaka jioni, mama yangu," mpiga picha alisema kwa upole. "Sina haraka."

"Piga tu, mwanangu," Mama Meneja alisema. "Ndivyo nitakavyotoka."

Picha iliyotundikwa dirishani ilikuwa safi, rangi zake za kweli, kila mtu na sura yake. Waliopita mtaani walisimama kuitazama. Walimwona seremala amekaa wima katika koti lake, macho mbele, na binti yake wa joho amemshika mkono. Wengi waliuliza jambo moja tu, nalo mpiga picha hakumjibu mtu: kwa nini yule mama, siku kubwa kama ile, alikuwa anaangalia mlangoni.